Nenda na Kipuri cha Zamani Mkononi: Kuchagua na Kufunga Vipuri vya Baiskeli ya Chuma

Mimi ni fundi baiskeli hapa Busia, upande wa Uganda. Kazi yangu kubwa ni zile baiskeli za chuma za mtindo wa Kiingereza: fremu ndefu nyeusi, usukani uliopinda kumwelekea mwendeshaji, breki za fito badala ya waya, magurudumu ya 28. Raleigh za wazee bado zinaletwa, lakini nyingi zinazopita mikononi mwangu ni za Kihindi kama Hero, inayotengenezwa Ludhiana tangu 1956, na za Kichina kama Phoenix ya Shanghai. Wateja wangu ni wabeba samaki wanaotoka Majanji ziwani, vijana wanaovusha mizigo mpakani, walimu, na akina mama wenye mitungi ya maji. Hata zile baiskeli za magurudumu matatu ambazo ndugu zetu wenye ulemavu huvushia bidhaa hapa mpakani zinaendeshwa kwa cheni hizi hizi na friwili (gurudumu la meno la nyuma) hizi hizi.

Nitasema kwanza lile ambalo ningependa kila mwenye baiskeli alijue: baiskeli hizi zinafanana kwa macho, hazifanani kwa vipimo. Muuzaji wa vipuri anauza kwa jina. Atakupa "ekseli ya Hero", "koni za Raleigh", "tairi la 28", na jina moja hilo linaweza kuwa na vipimo viwili au vitatu ndani yake. Kwa hiyo usiende dukani na jina. Fungua kipuri cha zamani, kioshe kwa mafuta ya taa na brashi mpaka thredi zake (mikato ya kukazia) zionekane, kifunge kwenye kitambaa, nenda nacho. Kikiwa juu ya kaunta pamoja na kipya, hakuna wa kukubishia. Beba pia rula ya chuma yenye inchi upande mmoja na milimita upande wa pili. Mwenye venia, kile kipimio cha taya mbili, ni bora zaidi, lakini rula inatosha kwa mengi.

La pili ni mpangilio wa pesa. Mzigo kwenye baiskeli hizi unakaa nyuma, juu ya keria, kwa hiyo pesa ianze kwenye gurudumu la nyuma: rimu, spoki, habu (kitovu cha gurudumu), tairi. Ikibaki, iende kwenye krenki (mikono ya pedali) na ekseli ya pedali. Halafu breki. Madigadi, kengele, rangi na kiti kipya vingoje. Vijana wengi hufanya kinyume. Baiskeli inang'aa kila mahali, kumbe rimu ya nyuma ina nyufa kwenye matundu ya spoki, na siku ya gunia la makaa ndipo ukweli unapojitokeza.

Tairi na rimu

Kwenye ubavu wa tairi kuna maandishi makubwa na maandishi madogo. Makubwa yanasema 28 x 1½, na hilo ndilo tairi la baiskeli hizi. Madogo, kiwanda kikiwa kimeandika vizuri, yanasema 40-635. Namba ya kwanza ni unene wa tairi kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha pale tairi linapokalia rimu. Iamini hiyo ya pili. Kuna tairi jingine linaloitwa 28, lile la 28 x 1 5/8 x 1 3/8, na hilo ni 622, saizi ya baiskeli nyingi za mitumba kutoka Ulaya. Tofauti yao ni milimita 13 tu, lakini tairi la 622 halipandi rimu ya 635 hata ulilazimishe kwa bisibisi mbili. Na la 635 ukilivisha rimu ya 622 litakaa limelegea. Ukijaza upepo linaruka nje na tyubu inapasuka.

Kwenye 26 mambo ni hayo hayo. Ile 26 x 1 3/8 ni 590, ya baiskeli ndogo za mtindo huu. Ile 26 x 1.95 ni 559, ya baiskeli za milimani zenye gia. Usikubali kuambiwa "zote ni 26".

Rimu nayo ina umbo lake. Breki ya fito haibani ubavu wa rimu; raba zake huvutwa juu zikagusa upande wa ndani, ule unaotazama habu. Rimu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo huitwa Westwood, na ina mabega mawili ya mviringo, moja kila upande wa mstari wa spoki. Rimu ya breki za waya ina ubavu bapa na haina mabega. Ukifunga rimu bapa kwenye baiskeli ya breki za fito, raba hazina pa kushika. Ukifunga breki za waya kwenye rimu ya Westwood, raba zinateleza kwenye ubavu wa mviringo. Nimeona watu wakihangaika na breki wiki nzima, kumbe tatizo ni rimu.

Kisha hesabu matundu. Waingereza walirithisha desturi ya spoki 32 mbele na 40 nyuma, na Wahindi wakaishika. Baiskeli za mitumba kutoka Ulaya na Japani mara nyingi zina 36 na 36. Kijana anakuja: "Fundi, nimepata rimu safi ya chuma kinene, bei ya kutupa, nisukie na habu yangu." Nahesabu, 36. Habu yake ina 40. "Hii haifungiki, mwanangu. Rudisha kabla duka halijafungwa." Rahisi huvunja upishi. Gurudumu la nyuma la kubebea mzigo libaki na spoki 40. Usishawishike kushusha idadi kwa sababu ya rimu nzuri.

Tyubu haina mengi. Baiskeli hizi nyingi huja na valvu ya Dunlop, ile yenye kimpira chembamba ndani, nawe weka vimpira vya akiba mfukoni. Ukipenda valvu ya gari, tundu la rimu kwa kawaida linaipokea, na faida yake ni kwamba unaweza kujaza upepo kwenye kituo chochote cha mafuta.

Spoki na kusuka gurudumu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu gurudumu lililosukwa vizuri ndilo linalomrudisha mtu nyumbani.

Spoki zinauzwa kwa geji, na geji ikishuka chuma kinanenepa. Geji 14 ni kama milimita 2, geji 12 ni kama milimita 2.6. Kwa mwalimu anayekwenda shuleni na mkoba, 14 inatosha. Kwa mbeba samaki au makaa, nyuma weka nene zaidi, ila hakikisha inapita kwenye matundu ya habu bila kulazimishwa na kwamba nipoli zake (nati ndogo za kukazia spoki) zinaingia kwenye matundu ya rimu. Usipanue matundu ya habu kwa drili ili spoki nene iingie. Ukingo wa habu unabaki mwembamba na siku moja unachanika.

Urefu wa spoki upime kutoka ndani ya kona yake mpaka mwisho wa thredi. Usipime kutoka kichwani. Nunua nipoli mpya pamoja na spoki mpya. Nipoli ya zamani imeshazoea thredi nyingine, na pembe zake zimeviringika, kwa hiyo spana itateleza pale unapohitaji nguvu.

Kwa gurudumu la matundu 40, kila upande wa habu una 20. Kumi huingia vichwa vikiwa nje, kumi vichwa vikiwa ndani, kwa kupishana. Anza na kumi za upande mmoja ambazo vichwa viko nje. Spoki ya kwanza iende kwenye tundu lililo jirani na tundu la valvu, na zinazofuata ruka matundu matatu ya rimu uingize la nne. Angalia pia matundu ya rimu yenyewe: moja limeegemea kushoto, linalofuata kulia. Spoki za kushoto ziende kwenye ya kushoto. Geuza gurudumu, fanya vivyo hivyo upande wa pili. Kisha zungusha habu kwa mkono ili spoki zote zilale upande mmoja, ukihakikisha zile zilizo jirani na valvu zinakwenda mbali nayo. Usipofanya hivyo pampu haitapata nafasi. Ndipo uingize zile ishirini zilizobaki, zikilala upande wa pili. Kila moja ikutane na spoki nne za upande wake: tatu ipite kwa nje, ya nne kwa ndani, ikiwa imeigusa. Gurudumu la mbele la 32 linasukwa kwa njia hiyo hiyo, lakini mimi hukutanisha tatu badala ya nne.

Kukaza ni kazi ya subira. Zungusha nipoli zote mpaka thredi zifichike tu, sawa kila moja. Baada ya hapo nusu mzunguko kwa nusu mzunguko, ukianzia kwenye valvu na kurudi kwenye valvu. Usimalizie spoki moja halafu uhamie nyingine. Ziminye jozi kwa mkono: zote ziwe na ugumu unaofanana, na ukizipiga kidogo kwa spana zitoe sauti zinazokaribiana. Moja ikilia chini kabisa katikati ya wenzake, hiyo haibebi chochote, na jirani zake wanaibebea.

Kunyoosha, wengi hutazama kushoto na kulia tu. Kwenye breki za fito, kupanda na kushuka kwa rimu ni muhimu zaidi, kwa sababu raba zinagusa kutoka chini ya rimu. Rimu ikiwa na kilima mahali, utaisikia breki ikishika na kuachia kila mzunguko. Pindua baiskeli juu chini, shika kipande cha mti kwenye foku (uma wa gurudumu) kikikaribia kugusa rimu, zungusha polepole. Palipo na kilima, kaza spoki za pande zote mbili za hapo. Rimu ikienda kulia, kaza za kushoto robo mzunguko na legeza za kulia robo. Kilima kwanza, pembeni baadaye, halafu rudia.

Ukishamaliza, shika spoki mbili mbili zinazolala sambamba na uziminye kwa nguvu zako zote, gurudumu zima, pande zote. Utasikia milio midogo. Ni spoki zinajilaza mahali pake. Nyoosha tena. Gurudumu lisilofanyiwa hivi hunyooka mbele ya fundi na kupinda mbele ya mzigo. Mwisho, pitisha kidole ndani ya rimu: ncha ya spoki ikijitokeza juu ya nipoli, isage kwa tupa. Kisha zungushia utepe uliokatwa kwenye tyubu kuukuu.

Habu na gololi

Gololi zina saizi zake na hazichanganywi. Kwenye baiskeli hizi habu ya nyuma kwa kawaida huchukua gololi 9 za inchi 1/4 kila upande, ya mbele 10 za inchi 3/16, na ekseli ya pedali 11 za 1/4 kila upande. Ukiwa na shaka, jaza kikombe (kibakuli cha chuma kinachokaliwa na gololi) kwa grisi, panga gololi mpaka zienee, kisha acha nafasi ndogo inayokaribia gololi moja. Zikibanana kabisa zitasagana.

Badilisha seti nzima. Gololi ya zamani imepungua kidogo hata kama jicho halioni, na ukiichanganya na mpya, zile mpya ndizo zitabeba uzito wote. Koni, ile nati ya ekseli inayobana gololi, iangalie kwenye mwanga: njia ya gololi iwe laini na ya kung'aa. Ikiwa na vishimo, koni hiyo imekwisha, na gololi mpya zitaharibika juu yake upesi.

Ekseli ya nyuma kwa kawaida ni nene, inchi 3/8, ya mbele 5/16. Nati inayokaribia kuenea si nati ya ekseli hiyo. Iingie kwa vidole mpaka mwisho, bila spana.

Kurekebisha koni: kaza kwa vidole mpaka gurudumu lisicheze, rudisha kidogo sana, kisha funga nati ya kushikilia huku koni umeizuia kwa spana nyembamba. Inua gurudumu, lizungushe kidogo, uliachie. Likiwa huru kama inavyotakiwa litayumba mbele na nyuma na valvu itatulia chini, kwa sababu valvu ndipo palipo na uzito. Likisimama popote lilipo, umekaza mno. Jaribio hili nalipenda kuliko yote. Halihitaji kifaa, na mteja analiona mwenyewe.

Ekseli ya pedali na thredi zake

Vikombe vya ekseli ya pedali vinaingia kwenye bomba fupi la chini ya fremu. Kikombe cha kulia, upande wa cheni, kina thredi za kushoto: kinakazwa kinyume cha saa. Pedali ya kushoto nayo ina thredi za kushoto. Wapo wanaoikaza kwa nguvu kwa mwelekeo wa kawaida mpaka krenki inaharibika thredi, na krenki hiyo hairudi tena.

Hatari kubwa zaidi ni hii. Kipimo cha kawaida cha Kiingereza ni thredi 24 kwa inchi. Raleigh za zamani za Nottingham zina thredi 26 kwa inchi, na kipenyo ni kile kile. Kikombe cha 24 kitaingia kwenye fremu ya 26 mzunguko mmoja au miwili, kisha kitagoma. Ukiongeza nguvu, unakata thredi za fremu, na fremu ya namna hiyo haipatikani tena dukani. Njia ya kujua ni rahisi: shika kikombe cha zamani na kipya, thredi kwa thredi, mbele ya mwanga. Zikiingiana bila mwanya, ni kipimo kimoja. Ukiona mwanga ukipita katikati, kirudishe. Vikombe vya shingo ya foku vifanyie vivyo hivyo.

Pima pia upana wa hilo bomba la fremu. Lile la kawaida ni milimita 68, ila Raleigh hizo za thredi 26 zina 71 au 76, kwa hiyo ekseli zao ni ndefu zaidi. Ekseli fupi itasogeza sproketi (gurudumu la meno la mbele) mpaka isugue fremu.

Kota pini

Krenki za baiskeli hizi zinashikwa kwenye ekseli kwa kota pini, kipande kidogo cha chuma chenye ubapa ulioinama upande mmoja na thredi mwishoni. Ndicho kipuri kidogo kinacholalamikiwa kuliko vyote, na malalamiko mengi yanatokana na kufungwa vibaya.

Kuchagua: za kawaida za Kiingereza ni milimita 9.5. Zipo za 9 pia. Pini ya 9 kwenye tundu la 9.5 itaonekana imekaa sawa mpaka utakapopanda kilima. Pima kwa venia, au ingiza pini bila ekseli: iteleze kwenye tundu la krenki bila kucheza. Chagua pia chuma kigumu kiasi. Pini laini sana unaijua kwa tupa. Inalika kama sabuni.

Kutoa ya zamani: legeza nati mpaka ilingane na mwisho wa pini, usiitoe kabisa, ili thredi zisifumuke. Tegemeza krenki kwa chini, karibu kabisa na pini, kwa kipande cha bomba nene kilichosimama sakafuni. Pini ishukie ndani ya tundu la bomba hilo. Kisha piga pigo moja zito. Mapigo mengi madogo yanaiviringisha pini kichwa na kuifanya igome zaidi, na bila tegemeo nguvu yote inaingia kwenye gololi na vikombe.

Kufunga mpya: ubapa wa pini unaangalia ubapa uliokatwa kwenye ekseli. Pini mbili ziingie kwa mwelekeo unaolingana, yaani krenki ya kulia ikiwa juu na pini yake ikaingia kutoka nyuma kwenda mbele, basi ya kushoto nayo ikiwa juu iingie kutoka nyuma kwenda mbele. Ukikosea hapo krenki hazitakaa kwenye mstari mmoja, na miguu itaijua kasoro hiyo mara moja.

Pini mpya mara chache huenea moja kwa moja. Ukiona thredi hazijitokezi vya kutosha kupokea washa na nati, itoe, paka masizi ya taa kwenye ubapa, iingize, igonge kidogo, itoe tena. Pale masizi yalipofutika ndipo inapogusa. Saga hapo kwa tupa bapa, kidogo tu, ukilinda ule mwinamo wake, usiuviringe. Rudia mpaka masizi yafutike karibu ubapa mzima. Pini inayogusa sehemu moja tu itapondeka hapo na krenki itaanza kucheza.

Ikishaenea, ipake grisi kidogo, iingize, tegemeza krenki kwa lile bomba upande wa pili, uipige kwa nyundo ikiwa na kipande cha mti mgumu au shaba juu yake mpaka sauti ibadilike ikawa nzito. Hapo ndipo unapokaza nati. Nati kazi yake ni kuishikilia pini isirudi, siyo kuivuta ndani. Anayeivuta kwa nati atakata thredi.

Cheni na meno

Cheni ya baiskeli hizi ni ½ x 1/8. Cheni ya baiskeli za gia ni nyembamba, 3/32, na haikai juu ya meno manene ya sproketi hizi. Kuangalia uchakavu, weka rula katikati ya pini moja: inchi 12 zinatakiwa ziishie katikati ya pini nyingine kabisa. Ikizidi 1/16, badilisha cheni. Ikifika 1/8, meno ya friwili na sproketi yameshaliwa pia, na cheni mpya itaruka juu yake, kwa hiyo nunua vyote.

Meno uchague kwa kazi yako. Ukiwa na 44 mbele na 18 nyuma, mzunguko mmoja wa pedali unakupeleka karibu mita 5.5. Ukiweka friwili ya 22 unakwenda karibu mita 4.5, ila mlima unaupanda umekaa. Hapa Busia palipo tambarare 18 inatosha kwa asiye na mzigo. Kwa mbeba mizigo, na kwa yeyote aliye kwenye milima ya Mbale au Kabale, ningechagua 20 au 22 bila kusita. Magoti hayauzwi dukani. Ukitoka 18 kwenda 22 ongeza pingili mbili za cheni.

Klipu ya kuungia cheni, upande wake uliozibika uelekee kule cheni inakokwenda. Katikati, cheni icheze kama nusu inchi juu na chini.

Breki na keria

Fito za breki ziangalie kwenye viungo: kila nati ndogo ikilegea, mkono unavuta na raba hazisogei. Raba zote mbili ziguse kwa pamoja. Ujue pia kwamba rimu ya chuma ikilowa, breki hupungua sana. Siku ya mvua anza kufunga breki mapema, zigusishe kwanza zikaushe rimu.

Keria ifungwe kwa bolti na miguu yake ikae kwenye ekseli ya nyuma. Usikubali ichomelewe kwenye fremu. Viungo vya fremu hizi vimeunganishwa kwa shaba, na weldi ya umeme ikikutana na shaba hiyo chuma kinapata nyufa ambazo huzioni mpaka fremu ikatike. Welda anayejua kazi yake atakataa mwenyewe. Gurudumu la baiskeli ya milimani nalo usilipanulie fremu: habu yake ya nyuma ni milimita 135, uma wa fremu hizi ni karibu 110.

Ukirithi Raleigh yenye gia ndani ya habu

Mwalimu mmoja mstaafu wa upande wa Dabani aliniletea Raleigh ya marehemu baba yake akiniuliza kama habu yake nene ya nyuma itupwe. Nilifuta grisi, tukasoma pamoja: Sturmey-Archer, AW, na namba 58. Hiyo 58 ni mwaka, 1958. Ni habu ya gia tatu, na gia ya juu huongeza theluthi moja, ya chini hupunguza robo. Habu hizi hazifi upesi. Hufa kwa kukauka. Zina kifuniko kidogo cha kutilia mafuta. Tia oili nyepesi, ngoja usiku mmoja, jaribu tena. Oili ya kupikia usitie, itaganda ndani. Mwenye habu kama hiyo asiibadilishe kwa friwili ya kawaida mpaka fundi anayeijua ameifungua.

Baada ya kufunga

Kipuri kipya kinajilaza chini ya uzito. Baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, tegemeza krenki tena, gonga kota pini zote mbili, kaza nati zake. Pima rimu ya nyuma kwa kile kipande cha mti na unyooshe palipohama. Shika krenki mbili uzitikise kushoto na kulia. Zikicheza pamoja, kikombe cha kushoto kinahitaji kukazwa na pete yake kufungwa upya. Ikicheza moja tu, rudi kwenye pini yake. Nati za ekseli na za keria zikaze mwishoni, mzigo ukiwa umeshushwa.